Mdomo wa Kuazima

Uchaguzi wa Novemba 2011 ulipofika Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kati ya wagombea ubunge alikuwemo mtu aliyekuwa akitafutwa na sheria. Ntabo Ntaberi Sheka alikuwa mfanyabiashara wa madini kabla ya kushika bunduki. Mwaka 2009 alianzisha kundi la Nduma Defence of Congo, NDC. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010 wapiganaji wake, wakiwa pamoja na makundi mengine, walivamia vijiji vya eneo la Luvungi, na Umoja wa Mataifa ukahesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Hati ya kumkamata ilitoka mwanzoni mwa 2011. Miezi michache baadaye, mtu huyohuyo akawa anaomba kura.

Hakushinda. Lakini alisikilizwa, na hilo ndilo linalonisumbua. Alijitangaza mtetezi wa wenyeji ambao mawe yao yanaondoka kila siku huku wao wakibaki bila barabara wala kazi, na kila kijana aliyekuwa karibu alijua kwamba sehemu hiyo ya maneno yake ni kweli. Madai halali ya maelfu ya watu yalikuwa yamelala njiani bila mwenyewe. Akapita mtu mwenye bunduki, akayaokota.

Yalifikaje njiani? Turudi mpaka mwaka 2002, katika msitu wa Bisie, humohumo Walikale.

Mwaka huo iligunduliwa kasiterite, jiwe zito linaloyeyushwa kupata bati, kwenye mgongo wa kilima ambako hapakuwa na barabara ya gari. Watu wakaja kwa miguu. Ndani ya miaka michache ulikuwa umeota mji mzima wa mbao na maturubai, na makadirio ya wakati ule yalisema watu 10,000 hadi 15,000 waliishi pale na kandokando yake. Shimo moja walilibatiza jina la Golgotha, na waliolipa jina hilo hawakuwa wanatania. Kila shimo lilikuwa na bosi wake, PDG kama wanavyowaita, aliyetoa chakula na vifaa kwa mkopo. Chini yake kulikuwa na wachimbaji, wapondaji na waosha mawe. Kisha walikuja wabeba mizigo, kilo 50 mgongoni, safari ya takriban siku mbili kupita tope na mizizi hadi Ndjingala. Kutoka hapo mzigo ulikwenda Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, zikashusha bia, chumvi, sabuni na vitenge, zikapakia mawe na kurudi Goma. Katika miaka ya neema, sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu Kaskazini ilitoka kilima hicho kimoja.

Ni nani waliokwenda kupanda kilima kile? Wengi walikuwa watu ambao soko la kazi lilikwisha kuwatema mara moja au mbili. Masisi, jirani na Walikale, ni mfano mzuri. Wabelgiji walileta huko maelfu ya familia kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955 ili zifanye kazi za mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, mashamba makubwa yaliangukia mikononi mwa wachache waliokuwa karibu na utawala wa Mobutu, yakageuzwa malisho ya ng'ombe. Ukisimama juu ya vilima vile vya kijani utadhani uko katika nchi isiyojua njaa, mpaka ukumbuke kwamba nyasi zile ni za mtu mmoja na waliozunguka uzio ni mamia. Mtoto wa nne wa mkulima wa Masisi hakurithi kitu. Upande wa migodi, kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa 1976, iliyumba vibaya bei ya bati ilipoporomoka duniani Oktoba 1985, na kufikia 1997 ilikuwa imekwisha. Walioajiriwa kwa mkataba wakageuka wachimbaji wa kujitafutia. Kwa hiyo anayesema vijana wa Kivu waliacha kazi wakakimbilia madini anaanza hadithi katikati. Kazi ndiyo ilitangulia kuondoka.

Pale Bisie mchimbaji hakuwa huru hata kidogo. Kuanzia 2006 hadi 2009 kilima kilishikwa na brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, iliyotoza wachimbaji, ikatoza wabeba mizigo, na makamanda wake wakawa na mashimo yao wenyewe. Juu ya hilo kulikuwa na mvutano mkubwa. Kampuni ya MPC ilipata kibali cha utafiti, ikasema kilima ni chake kwa karatasi. GMB, kundi lililobeba jina la ukoo wa Bangandula, likasema kilima ni chake kwa mababu. Kila upande ulikuwa na machifu wake na wanasiasa wake. Zikaja pia kooperative, COMIMPA na nyingine. Wote hao, ukiwasikiliza, walizungumza kwa niaba ya wachimbaji. Lakini aliyepiga tindo shimoni, kama ilivyo desturi ya mashimo haya, alikuwa na deni kwa PDG, na mwenye deni hachagui msemaji. Mama wa malewa aliyempikia ugali wa mkopo hakuhesabiwa kabisa, ingawa shimo likifungwa deni la kwanza kufa ni lake.

Shimo lilifungwa Septemba 2010. Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, akieleza kwamba madini yanalisha makundi yenye silaha na mitandao ya kihalifu. Ndege zikaacha kutua Kilambo. Mji uliozoea kuletewa chumvi kwa ndege ukajikuta bila mawe ya kubadilishana na bila barabara ya maana ya kwenda Goma. Amri iliondolewa Machi 2011, watu wakashangilia mapema mno. Julai 2010 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyosajiliwa katika masoko ya hisa huko yaeleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu yanayoitumia inatoka Kongo au kwa jirani zake. Kuanzia Aprili 2011 wayeyushaji wakubwa waliacha kununua mzigo usio na etiketi ya kuonyesha ulikotoka. Kivu Kaskazini haikuwa na etiketi. Mlango uliofunguliwa Kinshasa ulikuwa umekwisha kufungwa ng'ambo.

Sitaungana na wanaosema sheria ile ilikuwa upumbavu mtupu. Brigedi ya 85 haikuwa hadithi ya kutungwa. Wanajeshi walikula jasho la watu, na katika baadhi ya migodi shinikizo lile lilisaidia kuwatoa. Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Maelfu ya watu walipoteza riziki kwa uamuzi uliofanyika katika vyumba ambamo hakuna aliyewahi kubeba kilo 50 mgongoni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mchimbaji hakuwepo Kinshasa, hakuwepo Washington. Septemba 2014, wataalamu na viongozi wapatao 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi kueleza madhara hayo. Ilikuwa barua nzuri. Ilichelewa kwa miaka minne, na waliotia saini walikuwa hasa watu wenye vyeo na elimu.

Basi watu walikwenda wapi? Wengine walihamia dhahabu, ambayo haihitaji etiketi kwa sababu inatosha mfukoni na inavuka mpaka usiku. Wengine walirudi kulima, kama walikuwa na pa kulima. Wengine walishuka Rubaya, kwenye koltani, mawe ya tantalamu. Na wengine waliingia msituni wakiwa na bunduki. Nik Stoop, Marijke Verpoorten na Peter van der Windt walichapisha mwaka 2018 utafiti uliolinganisha maeneo ya Kongo mashariki kabla na baada ya sheria ile, wakakuta kwamba matukio ya ghasia yaliongezeka katika maeneo ya migodi, hasa ya dhahabu, badala ya kupungua. Halikuwa jambo la kumshangaza mtu yeyote wa Walikale.

Ndiyo sababu Sheka hakukosa wasikilizaji. Alijisalimisha kwa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Lakini biashara ya kuwasemea wasio na kazi haikufungwa pamoja naye. Mwaka 2014 naibu wake, Guidon Shimiray Mwissa, alikuwa amejitenga na kuunda NDC-Rénové. Kundi hilo lilikuja kutawala maeneo mapana ya Walikale na Masisi, na kila mtu mzima alitakiwa kununua jetoni, stakabadhi ya kodi ya mwezi, kwa franka 1,000. Hesabu hiyo ichunguzwe vizuri: kijana asiye na kazi alilipa kodi kwa kundi lililosema linapigana kwa ajili ya vijana wasio na kazi. Mei 2022 makundi kadhaa, likiwemo la Guidon, yalikutana Pinga, Walikale, yakakubaliana kuacha kupigana yenyewe kwa yenyewe na kuwakabili waasi wa M23. Leo yanaitwa Wazalendo. Sisemi hakuna aliyeingia humo kwa moyo wa kutetea kijiji chake, wapo wengi. Ila kwa kijana wa Pinga asiye na shamba wala shimo, uzalendo ndio ajira iliyo karibu.

Katika miaka hiyo Bisie ilikuwa ikibadilika sura. MPC ilichukuliwa na kampuni ya Alphamin, ikaitwa Alphamin Bisie Mining. Wachimbaji wa mikono waliondoka kilimani, barabara ikakatwa msituni, na 2019 mgodi wa mashine ukaanza kutoa bati. Mwaka 2024 ulitoa tani 17,324, karibu asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani. Mwamba wake ni kati ya miamba yenye bati nyingi kuliko yote inayojulikana. Kampuni hulipa kodi, ina wahandisi na madereva wa mitambo, na mtu akiajiriwa pale ana mkataba na kofia ngumu. Hayo ni mema na yahesabiwe. Lakini kilima kilicholisha watu 10,000 na zaidi kwa nyundo na tindo sasa kinahitaji sehemu ndogo tu ya mikono hiyo, tena mikono iliyosoma. Mbeba mizigo aliyeijua njia ya Ndjingala kwa kila mzizi hakuwa na ujuzi wowote ambao mashine ingemwomba. Watanzania wanalijua hili: Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni, na kinyongo chake kiliendelea miaka mingi baada ya mgodi kuanza kutoa dhahabu.

Machi 2025 M23 ilipoikaribia na kuiteka Walikale, Alphamin ilisimamisha kazi kwa muda, na bei ya bati ikapanda London mara moja. Kampuni ikisimama wiki chache, dunia nzima inageuza kichwa. Wachimbaji waliposimamishwa miezi sita kuanzia Septemba 2010, Walikale ilikosa chumvi.

Kisheria, kazi ile iliyopotea ilipaswa kurudi kwa jamii kwa sura nyingine. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta au utawala wa mahali pa mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Kwa maandishi hayo, sekta moja ya msituni inaweza kupata fedha ambazo babu zake hawakuota. Nani anaamua zitumikeje? Sheria ya ugatuzi ya Oktoba 2008 inataka kila sekta iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi. Chaguzi hizo za sekta hazijawahi kufanyika hata mara moja. Kwa hiyo fedha zinafika, au zinasemekana kufika, mbele ya watu ambao hakuna mchimbaji aliyewapigia kura na ambao hakuna mchimbaji anayeweza kuwaondoa. Vijana wanakuja kufunga barabara. Viongozi wanawaita wahuni. Halafu anakuja mtu anayewaita mashujaa, na huyo ana bunduki.

Rubaya, huko Masisi, ilionekana kama ingekuwa tofauti. Vilima vyake vinatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na bado vinachimbwa kwa mikono. Mwaka 2013 kampuni ya SMB, yenye kibali, na kooperative ya COOPERAMMA, yenye wachimbaji, ziliandikiana mkataba: wachimbaji wachimbe ndani ya eneo la kampuni, nao wauze kwa kampuni peke yake. Kwa karatasi, mchimbaji alikuwa amepata kiti mezani. Lakini tazama ni nani waliokaa pande mbili za meza hiyo. SMB ilikuwa ya Édouard Mwangachuchu, mbunge wa taifa kutoka Masisi. COOPERAMMA iliongozwa na Robert Seninga, mbunge wa jimbo, ambaye 2019 akawa spika wa bunge la Kivu Kaskazini. Mchimbaji akigombana na kampuni kuhusu malipo yaliyochelewa, mwajiri wake ni mbunge. Akigombana na kooperative, bosi wake ni mbunge. Akitaka kwenda kwa mbunge, anarudi kulekule. Ugomvi wa ujira, ambao popote pengine ungekuwa ugomvi wa chama cha wafanyakazi, ukageuka ugomvi wa kabila na kabila, kwa sababu wakubwa wa pande mbili walikuwa na makabila tofauti na wote walijua wimbo unaowasha watu upesi.

Oktoba 2023 mahakama kuu ya kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu Mwangachuchu kifo kwa uhaini. Desemba 20 mwaka huohuo nchi ilipiga kura. Masisi na Rutshuru hazikupiga, kwa sababu ya vita. Masisi ikabaki bila mbunge mpya wa kuchagua mwenyewe, katika miaka ambayo ilihitaji kusikika kuliko wakati wowote.

Mwisho wa Aprili 2024 M23 iliingia Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba waasi hao waliweka utawala wao wa madini, wakatoa vibali kwa dola 25 kwa mwaka kwa mchimbaji na 250 kwa mfanyabiashara, wakajipatia dola zisizopungua 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani. Waliripoti pia kwamba watu walilazimishwa kufanya salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kupanua barabara za kupitishia mzigo. Na waliripoti jambo moja ambalo wengi wetu tunalipita haraka: ujira wa wachimbaji uliongezwa ili wabaki mashimoni. Waasi walielewa kwa siku chache jambo ambalo kampuni, kooperative na bunge hawakutaka kulielewa kwa miaka kumi, kwamba mchimbaji ana bei yake na ana malalamiko yake. Hawakumpa sauti. Walimpa nyongeza, na aliyezoea kukosa vyote viwili anachukua kilichopo.

Goma iliwahi kuonyesha njia nyingine. LUCHA, harakati ya vijana iliyozaliwa huko 2012, ilidai maji, kazi na haki bila bunduki wala chama. Iliumizwa kwa hilo: Februari 2016 vijana wake sita, Rebecca Kabugho akiwa mmojawapo, walikamatwa mjini humo kwa kuandaa siku ya kugoma na kubaki nyumbani, wakafungwa. Nawaheshimu sana. Ila ilizaliwa mjini, kati ya wasomi wenye diploma wasio na ajira, na mchimbaji asiyejua kusoma kibali chake yuko mbali na lugha ya matangazo yao ya Kifaransa. Umbali huo ungeweza kupunguzwa, maana shida ni ileile. Haujapunguzwa vya kutosha.

Kwa hiyo, ewe kijana wa Kitchanga, Mubi, Ndjingala au Rubaya, kabla ya kumpa mtu ruhusa ya kukusemea, muulize yeye anakula wapi siku shimo linapofungwa. Kama anakula kwa mwenye kibali, au kwa kamanda, au kwa deni lako mwenyewe, mkatalie, hata kama maneno yake ni ya kweli. Ingia katika kooperative, udai daftari lake lisomwe kwa sauti na kwa Kiswahili, udai uongozi upigiwe kura na wachimbaji na si wenye mashimo peke yao, na mama wa malewa na mwosha mawe wawemo kwenye orodha. Na kwenu mlioko Kinshasa: mabaraza ya sekta yamo katika sheria tangu 2008. Itisheni uchaguzi wake katika Walikale, mkianza na sekta ambazo bado ziko mikononi mwenu.